Nilipomjibu Mtani

Chumbageni, Jumatano, 11 Juni 1958

Leo tumeanua matanga ya mke wangu Mwanamwema. Manyunyu tangu alfajiri. Turubai lilikuwa langu, mikeka yangu, masufuria yangu, karabai zangu. Mimi ndiye ninayewakodisha watu vyombo hivi mji mzima, kwa arusi na kwa misiba, na safari hii nimejikodishia mwenyewe. Sufuria moja kubwa limerudi limetoboka. Nimelitazama tundu lile kwa muda mrefu kuliko nilivyotazama kitu kingine chochote tangu tuzike.

Sikulia. Watu wanasema nina subira. Si subira. Ni kama mkono ulioulalia ukafa ganzi: upo, unauona, lakini si wako.

Ninaandika kwa sababu mchana limetokea jambo, na kesho mji utakuwa umekwisha kuligeuza. Baada ya hitima, wali ukishaliwa, watani waliingia. Sisi Wazigua watani wetu ni Wanyamwezi, na hapa Tanga hawakosekani, mashamba ya mkonge yamewajaa. Mkubwa wao ni Rafaeli, seremala wa shamba mojawapo, Mkristo wa Tabora, mtu mfupi mwenye tumbo na ndevu. Msiba wa baba yangu alikuwapo, wa mama alikuwapo, wa kaka pia. Ndiyo kazi ya mtani. Wenyewe mmejiinamia, yeye anaingia na vituko, anamwiga marehemu, anadai kitu kisichowezekana, nanyi mnacheka mtake msitake. Kisha mnamtupia chochote kama fidia, naye ananyamaza. Ni haki yake, na kwa kweli ni hisani yake pia.

Rafaeli alikuwa amejifunga kanga ya Mwanamwema. Akasimama penye mlango wa uani, mkono kiunoni, kichwa upande, akaniita kwa sauti ya mke wangu. Mwanamwema alikuwa Mpemba, na miaka yote ya Tanga haikumtoa Upemba mdomoni.

"We Uweso, wendapi na kofia hiyo? Mie nshakufa, wee umekaa wahesabu masufuria. Wenzio wagombea kuingia Barazani kutunga sheria, wee hwendi. Gombea na wee, nami nipate pa kujisifia huko niliko."

Watu wakaangua kicheko. Hata Shekhe alijifuta macho. Nami nikasema, "Sawa."

Kicheko kikaendelea kidogo. Rafaeli akakinga kiganja angoje fidia yake. Nikamwambia, "Nimekubali. Nitagombea."

Basi hakuna aliyecheka tena. Rafaeli alibaki amekinga kiganja, na kanga ikamteleza begani.

12 Juni

Manyunyu. Karabai zimekwenda arusini Ngamiani, zimerudi zote.

13 Juni

Ijumaa. Shekhe ameniuliza nitaoa lini.

Mwanamke akifiwa anakaa eda, miezi minne na siku kumi, na mji mzima unajua asisumbuliwe. Mwanamume anapewa pole, kisha anaulizwa hivyo. Ningepewa eda ningeikaa vizuri sana.

Jumamosi, 14 Juni

Rafaeli amekuja dukani, kofia mkononi. Hakunitania wala hakuniita jina baya, nikajua amekuja na jambo.

"Mzigua, mbona umenitenda hivi?"

"Nimekutenda nini?"

"Mtani akikwambia nipe nyumba yako, unampa nyumba? Unamtupia kofia mbovu, anakwenda zake. Wewe maneno yangu umeyashika kama wosia. Wenzangu kule shambani wananiuliza kama nimekuloga."

"Waambie hukuniloga."

"Basi niambie wewe. Uliitikia nini?"

Nikamwambia sijui. Akakaa juu ya rundo la mikeka, akavuta sigara mpaka mwisho. Halafu akasema kama ni hivyo, mimi nikienda yeye atanifuata, maana yeye ndiye aliyenitia katika jambo hili. Nikamwuliza kama ana kura. Akacheka sasa. Kura ya mwaka huu inataka mtu mwenye shule au mwenye kipato, na yeye hana hili wala lile.

Ijumaa, 20 Juni

Nilimwambia Rafaeli sijui. Najua.

Tangu nimwoe, Mwanamwema alikuwa akisimama penye mlango ule ule na kuniambia jambo, nami najibu sawa. Uweso, maji yamekwisha. Sawa. Uweso, mwanao Semeni amepata mchumba, usijitie ukali. Sawa. Ndiyo maneno tuliyokuwa nayo, na hayakuwa machache kwetu. Siku ile nilijibu kabla sijakumbuka kwamba amekufa. Kwa kitambo cha kumeza mate alikuwa hai, amesimama mlangoni, ananisumbua. Kisha nikaziona ndevu za Rafaeli.

Nikirudi nyuma sasa, neno la mwisho nililompa mke wangu litakuwa la uongo. Hilo tu. Siasa sina.

Alhamisi, 3 Julai

Nimechukua fomu. Karani alinieleza mara mbili, akidhani sikuelewa. Kila mpiga kura sharti achague watu watatu, Mwafrika mmoja, Mhindi mmoja na Mzungu mmoja, akiacha mmoja kura yake imeharibika. Mimi nagombea nafasi ya Mwafrika. Chama kina mtu wake, kijana msomi, anajua kusema, na hakuna asiyejua kwamba atapita. Karani alitaka kujua mimi ninasimama upande gani. Nikamwambia ninakodisha vyombo.

Ilibidi nipate watu wa kunitilia saini. Nikawaendea wale ambao misiba yao nimeitandikia mikeka. Hakuna aliyekataa. Mtu anaona haya kumkatalia aliyemwona akilia.

Jumapili, 6 Julai

Semeni, binti yangu, anakaa mtaa wa pili na mumewe. Tangu matanga ananiletea chakula kila adhuhuri. Leo ameleta samaki wa nazi, hakukaa. Alisimama.

"Baba, sokoni wanasema kuna kiti kinagombewa na maiti."

"Wataacha."

"Hawaachi. Wanamwigiza mama mpaka watoto. Jana kitoto cha jirani kimejifunga kanga, mkono kiunoni, kinasema gombea na wee. Mama yangu hakuwa wa kuchezewa barabarani. Baba, nakuomba, jitoe."

"Nimekwisha sema sawa."

"Umemwambia nani? Umemwambia Rafaeli."

"Nilimwambia mama yako."

Nilidhani atalia, na nilifikiri labda akilia yeye nami nitaweza. Akafunika bakuli, akatoka. Samaki alikuwa mzuri, chumvi kiasi. Nimeandika hivyo kwa sababu ndicho nilichokihisi.

7 Julai

Semeni hakuleta chakula. Nimekula mkate.

8 Julai

Mkate. Manyunyu.

11 Julai

Upepo wa kusi, baridi. Mwinyijuma, msimamizi wa stoo yangu, ameniambia kwa adabu kwamba arusi mbili zimehamia kwa Mhindi wa barabara ya kumi na mbili. "Si kwamba wanakuchukia, Bwana Uweso. Wanaona haya. Hawajui wakija waongee turubai au siasa."

Nikamwambia waongee turubai.

Jumapili, 20 Julai

Tumekwenda Moa kuhutubia, mimi, Rafaeli na Mwinyijuma aliyeendesha. Gari sina ila lori la vyombo, na Mwinyijuma hakulipakua. Tukaingia kijijini tumesheheni masufuria na mikeka. Watu wakatoka majumbani kwa furaha, wanawake wakaanza kutuuliza arusi ya nani. Mzee mmoja alikuwa amekwisha mtuma mtu kukamata mbuzi.

Mwinyijuma akasema ni mkutano wa kura. Nyuso zikabadilika. Lakini walikuwa wamekwisha kukusanyika, wakakaa.

Nikasimama. Nikataja jina langu na la baba yangu. Nikasema ninakodisha vyombo mjini na bei yangu haijapanda tangu mwaka juzi. Nikaishiwa.

Bibi mmoja mbele akasema, "Ukiingia huko ututendee nini?"

"Sijui, bibi. Nitasikiliza wanavyosema."

"Mkeo asemaje na safari hii?"

Wengine wakatazama chini, maana walikuwa wanajua amekufa. Rafaeli akaruka akajibu kwa niaba yangu. "Bibi, mkewe ndiye aliyemtuma. Huyu kwa akili yake hawezi kwenda hata chooni." Wakacheka wote, na bibi yule akanishika mkono, akaniambia nina bahati ya mke. Nikamwambia ndiyo.

Njiani kurudi Rafaeli alikaa nami nyuma, juu ya mikeka. Nilikuwa nimekusudia kuomba tangu Juni. Nikamwambia, "Sema tena kama siku ile."

"Kama siku ipi?"

"Unajua."

Tulipopita daraja akasema, "Matanga yameanuliwa, Mzigua. Siku ile ilikuwa utani, na utani una mahali pake. Nikisema leo itakuwa nimemwita mtu aliyelala. Sitaki. Nawe hutaki, ila hujui."

Nikamwambia basi. Sikukasirika. Nilitamani nikasirike.

25 Julai

Hakuna. Karabai moja haishiki upepo, nimeifungua, nimeifunga.

30 Julai

Mkate. Nimepita mbele ya nyumba ya Semeni. Mlango ulikuwa wazi. Nimesalimu, mumewe ameitikia kutoka ndani, yeye hakuitikia.

Jumamosi, 9 Agosti

Jana alikuja kijana kutoka chama. Akaniamkia shikamoo, akakataa kukaa. Alikuwa anatazama viatu vyake. Akasema wana mkutano mkubwa leo jioni, watu watakuwa wengi, na karabai zote za mji ukizikusanya hazifiki zangu. "Tumeona tukuombe, mzee. Ukikataa tutaelewa."

Nikamwuliza ngapi. Mwinyijuma alinitazama kama anayetazama mwenda wazimu.

Kwa hiyo leo nimekwenda kwenye mkutano wa mpinzani wangu kuwasha taa. Watu hawajui kuzitia pampu vizuri, wanazivunja, siwezi kumwachia mtu. Nilipokuwa nimechuchumaa kwenye taa ya tatu, mmoja akanitambua. Akapaza sauti, "Jamani, mgombea kaja kutuwashia." Uwanja mzima ukacheka. Wakaanza kuniimbia, Uweso pampu, Uweso pampu, kwa kupiga makofi. Haikuwa kwa ubaya. Mimi nikaendelea kutia pampu, na nadhani bila kukusudia nilikuwa nafuata mdundo wao.

Kisha mgombea wao akasema. Nilikaa chini karibu na taa nikamsikiliza mpaka mwisho. Alisema kuhusu ardhi, kuhusu shule, kuhusu mtu kuwa mtu nchini kwake. Hakuna neno nililolikataa. Kama si mke wangu, ningempigia kura yule.

Taa zimerudi zote. Wamelipa.

10 Agosti

Rafaeli amepata habari. Amecheka mpaka akashika ukuta. Anasema Wazigua tangu enzi ya babu zao ni watu wa kushikiwa taa, leo ameona Mzigua anayeshika mwenyewe. Nilitabasamu. Nimeliandika kwa sababu Mwinyijuma aliona akasema.

16 Agosti

Mvua ya ghafla. Turubai limelowa, limeanikwa.

Jumapili, 24 Agosti

Leo nimeamka na hofu, na sina budi kuisema.

Kila asubuhi kabla sijafungua macho huwa ninamsikiliza Mwanamwema. Simwoni, sura yake haiji vizuri. Namsikia tu akisema "Uweso, wendapi." Inanitosha, nainuka. Leo nimesikiliza, ikaja sauti, nikaitambua. Ilikuwa ya Rafaeli. Ni Rafaeli akimwiga. Nimejaribu tena. Ni yule yule, na ndevu zake. Nimejaribu maneno mengine, lile la maji, lile la mchumba wa Semeni, yote yanatoka kwa Rafaeli.

Sauti ya Mwanamwema mwenyewe imekwenda. Sijui ilikwenda lini, mimi nikiwa wapi.

Nimeogopa. Ni kitu cha kwanza nilichokihisi sawasawa tangu Juni. Nimekaa kitandani mpaka jua likaingia chumbani, na Mwinyijuma akaja kugonga akidhani naumwa.

Alhamisi, 28 Agosti

Nimemwambia Rafaeli. Nilidhani atacheka. Akaweka kikombe chini.

"Mimi ndiye nimekuharibia," akasema. "Basi tufanye hivi. Nitupie chochote sasa hivi. Senti, kijiti, hata hicho kikombe. Useme mtani nimekukomboa. Nami nitasema nimeyafuta maneno yangu. Unarudi nyumbani mtu huru, unamwendea binti yako."

Alikuwa amekinga kiganja vile vile kama siku ya matanga. Mkono wa seremala, kidole gumba hakina ukucha. Ningeweza. Kikombe kilikuwa karibu.

Nikamwambia, "Ukiyafuta, nitabaki na nini?"

Akaurudisha mkono, akajikuna tumbo. "Haya. Tarehe nane, siku ya kura, tutakwenda wote. Nitasimama nje nikungoje, na ukitoka nitakuwa wa kwanza kukucheka."

Alhamisi, 4 Septemba

Rafaeli hakutokea. Ameshikwa na kichomi.

Jumamosi, 6 Septemba

Nimemtazama Rafaeli kwenye kambi ya shamba. Amelala kitanda alichokichonga mwenyewe. Pumzi inamkata kila anaposema. Mkewe, Mama Noa, alikuwa anamkanda. Dokta wa shamba amekwisha kumpiga sindano.

Akanishika kidole, akaniambia, "Mzigua, umeshinda?"

"Bado. Ni keshokutwa."

"Basi bado kuna matumaini." Akataka kucheka, akakohoa badala yake.

Jumapili, 7 Septemba

Rafaeli amekufa asubuhi, kengele ya kanisa ikipigwa. Maziko kesho mchana.

Jioni Semeni amekuja. Ni mara ya kwanza tangu Julai. Amekuja na chakula, amekaa.

"Kesho utakwenda wapi, Baba?"

"Kwenye kura. Mgombea anatakiwa kituoni, watu wamwone."

"Na Rafaeli? Nani atamfanyia utani?"

"Wazigua wapo."

"Wenye kura watakuwa mstarini tangu asubuhi, wasio na kura watakuwa wanawatazama. Mama Noa ametuma mtu kwangu kuuliza. Hana mtani hata mmoja wa kesho. Anasema mumewe aliwazika Wazigua wote wa mji huu, na sasa atafukiwa kimya kama mwizi."

Nikamwambia sijui kutania. Sijawahi. Katika misiba ya Wanyamwezi mimi ndiye ninayetandika mikeka, wanaotania ni wenzangu.

Semeni akapakua wali. Kisha akasema, "Mama alikuwa akisema wewe ni mchekeshaji kuliko wote, ila mwenyewe huna habari. Ukitoka dukani anacheka peke yake uani. Ulikuwa hujui?"

Sikujua. Miaka yote ile, na hilo sikulijua.

Jumatatu, 8 Septemba

Asubuhi Mwinyijuma alikuwa mlangoni na lori, amevaa kanzu yake nzuri. Mstari wa watu ulikuwa umekwisha kufika kwenye pembe ya barabara. Tukaupita pole pole. Wengine walinipungia, mmoja akaniimbia lile la pampu. Mbele ya kituo Mwinyijuma akasimamisha gari. Sikushuka.

"Bwana Uweso, tumefika."

Usiku kucha sikupata usingizi, nikiyapima mawili haya. Nikienda kaburini ninamvunjia Mwanamwema neno lake. Nikibaki ninamwacha Rafaeli. Na pale garini nikaona kwamba neno lile Mwanamwema hakulisema kamwe. Alilisema Rafaeli. Mimi nilimjibu Rafaeli, na deni langu lote la tangu Juni lilikuwa kwake. Nikamwambia Mwinyijuma atupeleke kwenye makaburi ya shamba. Akashika usukani, asilitie gari mwendo. Akaniuliza kama nimefikiri. Nikamwambia hapana.

Shamba ni mbali, tulifika mchana, watu wamekwisha kusanyika. Jeneza la mbao za mvule, maseremala wenzake walilitengeneza usiku, limekaa kando ya shimo. Wanyamwezi wamesimama na kofia mikononi, wanawake wameketi chini. Katekista Fanueli alikuwa ameshika kitabu, yuko tayari kuanza. Kimya kile sikukipenda. Nimetandika mikeka kwenye misiba mingi, na kimya kama kile hukikuta mahali ambapo mtu amekufa hana watu.

Nikapita katikati yao. Nikavua viatu. Nikaingia kaburini.

Lilikuwa refu kuliko nilivyodhani, udongo mwekundu, wa baridi. Kwanza nilisimama tu. Juu yangu kulikuwa na nyuso zimezunguka, na mbingu nyeupe. Katekista Fanueli akasema, "Bwana, tunataka kuanza ibada." Kisha nikajikuna tumbo kama alivyokuwa akijikuna Rafaeli.

Mtu mmoja akaguna kicheko.

Nikakunja suruali kama yeye. Nikasema kwa Kiswahili chake cha Tabora, kizito, kama mtu anayekokota gogo, "Mimi Rafaeli fundi. Milango ya mji wote nimeitengeneza mimi. Huu wangu nani kautengeneza? Umepinda." Nikapapasa ukingo wa kaburi, nikapima kwa vidole, nikatikisa kichwa. "Umepinda huku, na huku pia. Hii kazi ya nani? Ya Mzigua?"

Wakacheka. Nilikisikia kile kicheko kikianzia kwa wazee, kikaenda kwa wanawake. Nikawaambia nimelifikia shimo kwanza, ni langu, haingii mtu mpaka nilipwe. Nikalala chini nikajinyosha, nikapiga miayo. Wakatupa senti. Nikazirudisha juu, nikasema Rafaeli alikuwa mtu mzima, si andazi. Wakatupa kofia. Nikaivaa, nikaivua, nikaitupa, nikasema ina chawa wa Tabora. Fanueli mwenyewe aligeuka upande akajifunika uso kwa kitabu. Sijui maneno yale yalikuwa yanatoka wapi. Yalikuwa yanakuja tu.

Mama Noa akainuka, akaja mpaka ukingoni. Macho yamevimba. Akaniuliza kama inavyotakiwa, "Basi wataka nini, mtani, utupishe?"

Nikafungua mdomo niseme ng'ombe wote wa Unyamwezi, au reli mpaka Tabora, au kitu chochote kikubwa cha kipumbavu. Nikajisikia nasema, "Nataka mke wangu."

Kicheko kilichotoka hapo sijapata kukisikia. Mzee mmoja alikaa chini. Wanawake walishikana mabega. Lilikuwa jambo zuri sana kudai, na nililidai vizuri. Nikasema tena, "Nataka mke wangu. Sitoki humu mpaka nipewe mke wangu." Nilikuwa nalia. Nililia kwa sauti, nimeukumbatia udongo wa pembeni, kamasi zinanitoka, na kadiri nilivyozidi ndivyo wao walivyozidi kucheka, maana hawajamwona mtani anayejua kulia namna ile. Nilimlilia Mwanamwema mbele ya watu mia na hakuna aliyenitazama kwa huruma. Nilikuwa nimehifadhika humo, peke yangu kabisa. Nililia mpaka nikamaliza.

Mama Noa hakucheka. Alikuwa amechuchumaa ukingoni, akaningoja nipumue. Kisha akasema kwa sauti ya kawaida, kama mtu aliyeulizwa bidhaa dukani.

"Huyo hatunaye, mtani. Tuna kuku."

Wakanishushia kuku. Nikampokea. Wakaninyoshea mikono, wakanivuta nje, na Rafaeli akateremshwa.

Njia nzima kurudi barabarani walikuwa wananisifu. Mzee yule alisema tangu aje Tanga hajaona utani kama huu, na nikifa nisiwe na wasiwasi, atakuja mwenyewe.

Kituoni tulifika jioni, wamekwisha funga. Masanduku yalikuwa yanapakiwa garini. Askari wa mlangoni akaniuliza nataka nini hapa na kuku. Nikamwambia mimi ni mgombea. Akanitazama matope, akanitazama macho.

"Pole, mzee," akasema.

Nikaipokea.